Msimu wa Kumpeleka Ziwani

Jirani yetu Dereva hakuwahi kwenda mahali popote kabla ya kwenda kwanza. Ukimwambia mgeni maneno hayo atacheka, lakini mtaa wetu wote pale Garissa ulijua maana yake. Kukiwa na arusi ng'ambo ya mto, yeye alitangulia siku mbili kabla, akaangalia kivuli kingeangukia wapi saa ya chakula, akaonja maji ya tangi, akauliza majirani wa pale ni watu gani, kisha akarudi nyumbani. Siku ya arusi yenyewe ilipofika, mara nyingine hakwenda kabisa. Alikuwa ameshakwenda.

Desturi hiyo aliitoa malishoni. Kabla ya kushika usukani alikuwa mtu wa sahan upande wa Takaba, yaani kijana anayetangulizwa peke yake, siku tatu au nne, kutazama mvua imenyesha wapi kabla familia haijabomoa nyumba na kuhamisha mifugo. Mtu wa sahan akirudi haulizwi neno. Anapewa maziwa kwanza, kikombe kizima, na watu wote wanakaa kumtazama akinywa. Akimaliza, mkubwa wa boma husema neno moja tu, "Warran," yaani toa habari, na hapo ndipo anaeleza mambo matatu: maji, nyasi, na nani yuko huko tayari. Kwa maneno yake familia inahama au inabaki. "Sahan akisema uongo," alipenda kutuambia, "yeye hafi. Nakufa mbuzi, halafu nakufa mtoto."

Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani na sokoni, p zake zilikuwa b na v zake zilikuwa f, lakini sikumbuki hata siku moja alinena nikakosa kumwelewa. Sisi tulikuwa wageni pale. Baba yangu alikuwa karani aliyehamishwa kutoka Kitui, na mimi nilikulia upande wa pili wa ukuta wa Dereva, nikijifunza Kisomali kwa kusikiliza ugomvi wa watu wengine. Nilimwita Adeer, baba mdogo, kama walivyomwita watoto wote wa mtaa, naye akaniita adeer vilevile, maana ndivyo wanavyofanya wakubwa wa kule: jina unalompa mzee anakurudishia.

Nilipoitwa shule ya bweni Wajir, baba alikuwa na fomu mkononi na orodha ya vitu vya kununua. Dereva akasema hapana, kwanza sahan. Alikuwa na mzigo wa sukari wa kupeleka huko, akakaa siku tano. Aliporudi mama akampa maziwa ya pakiti, hakuwa na mengine, naye akayanywa yote huku uso umekunjamana. Ilibidi tumfundishe baba kusema "Warran."

"Maji iko chumfi," Dereva akasema. "Chakula iko, maharagwe nakuja na wadudu kidogo, si mbaya. Lakini mwalimu mkubwa nasalimia askari ya geti. Mara mbili mimi naona. Mtoto aende."

Nikaenda. Maji yalikuwa ya chumvi kweli, maharagwe yalikuwa na wadudu wasiokuwa kidogo, na yule mwalimu mkuu nitamwombea dua mpaka nife.

Siku mama alipotakiwa kung'olewa jino, Dereva alitangulia kwa daktari, akaketi kwenye kile kiti ili akijaribu, akarudi na pengo. Alidai lile lake lilikuwa bovu tangu zamani. Mama alicheka mpaka jino lake likaacha kuuma, na hakwenda tena.

Msije mkadhani alikuwa mtu wa mzaha tu. Mwaka mmoja wa kiangazi kirefu shemeji yake alitaka kupeleka ng'ombe Kotile, kila mtu akisema nyasi huko zimefika magotini. Dereva aliweka lori kando akaenda. Alirudi, akanywa, akasema nyasi zipo kama watu wanavyosema, lakini na wale nzi wa ng'ombe wapo. Shemeji alikasirika, maana alikuwa ameshafunga mizigo. Wengine walihama, yeye akabaki, na mwishoni waliohama walirudi na fimbo bila ng'ombe. Shemeji hakuja kushukuru. Alituma kondoo.

Alipouza lori ilikuwa vilevile. Mnunuzi wa kwanza alielezwa kasoro zake kuanzia asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, akaondoka. Wa pili alidhani ule ni ujanja mpya wa biashara, akanunua haraka kabla hajazidiwa kete. Kitu kimoja tu Dereva alikataa kukitoa, kiti kirefu cha kabini. Alikifungua nati akakiegemeza kwenye ukuta wa uani, na tangu hapo hiyo ndiyo ikawa baraza yake. Ukiketi pale mchana, jua likichoma mabati mpaka yanalia, ungeweza kuona barabara yote ya kaskazini kwa mdomo wake: vumbi jeupe, kisha vumbi jekundu, kisha mawe meusi, halafu mbali sana, kitu cha buluu ambacho unadhani ni mvua kumbe ni mlima.

Juu ya mlima ule, kule Marsabit, ndani ya mbuga, kuna ziwa. Hilo ndilo jambo ambalo mtu huyu mkweli alilichezea chenga.

Mke wake, niliyemwita Habaryar, mama mdogo, alizaliwa Rhamu, mahali ambapo mto Daua unapita nyuma ya mashamba ya vitunguu. Dereva alimwoa akamleta Garissa kwenye kabini ya lori, safari ya siku nyingi, na bibi arusi alilia kuanzia walipoacha miti ya mto. Ili kumnyamazisha, Dereva akamsimulia habari za ziwa. Yeye mwenyewe hakuwa amelifikia. Alikuwa akipita chini ya mlima na mzigo, na mengine aliyasikia kwa madereva wenzake. Lakini alimwambia kwamba kule juu kuna baridi ya kuvaa shuka mbili, kwamba wingu huingia ndani ya nyumba na kutoka kwa mlango wa nyuma, kwamba miti ina ndevu, na kwamba katikati ya miti hiyo kuna maji yamelala ndani ya bakuli la mawe na tembo hushuka kuyanywa kwa zamu kama watu wenye adabu. Akaahidi: msimu ukiwa mzuri nitakupeleka.

Habaryar aliuza maziwa ya ngamia sokoni na hakuwa mwanamke wa maneno. Lile la ziwa alilishika. Niliwahi kumwuliza anataka nini na ziwa ilhali Garissa tuna mto Tana, maji mengi kuliko ya kwao.

"Mto ni msafiri tu," aliniambia. "Nasalimia, naenda. Mimi maisha yote naona maji nakwenda. Nataka kuona maji nakaa chini."

Basi kila mwaka suala likarudi uani: msimu gani? Wenyeji wa kule hugawa mwaka mara nne, na Dereva alikuwa na kesi dhidi ya kila fungu. Gu, zile mvua ndefu, mlima ni wa kijani na vipepeo ni wengi hata unaogopa kufungua mdomo, lakini njia ya mbugani huwa tope, gari linakwenda ubavu. Hagaa, wakati wa upepo, njia ni kavu, ila ukungu hukaa juu ya ziwa mpaka mchana, utasafiri siku mbili uje kutazama moshi. Deyr, mvua fupi, hizo haziaminiki, zinaweza kuja zote siku moja na daraja likaenda nazo. Jilaal, kile kiangazi kikali, hapo wanyama wote hukusanyika majini na tembo huwa na hasira za kiu. "Msimu mzuri iko," angemalizia, macho yake yakiwa mbali kabisa na ua wetu. "Iko hapa katikati. Ni siku kidogo tu. Lazima mtu naikamata."

Nilipenda kumsikiliza, nakiri. Nilikuwa nikikaa kwenye kile kiti na kitabu changu cha shule, jasho likinitiririka, na ukungu wa ziwa lile ukinipita miguuni. Alivyolieleza, ungeapa amelioga. Sijui watoto wangapi wa mtaa ule walijua misimu ya ziwa wasilowahi kuliona vizuri kuliko walivyojua ya mto wanaoteka.

Macho yake yalipopungua akaacha usukani, Habaryar akamwambia jambo moja tu: mzigo umekwisha sasa. Hakumlaumu. Alitoa begi juu ya kabati, akalipangusa, akaweka ndani shuka mbili. Magoti yake yalikuwa yameanza kumwuma na alijua mlima hausubiri mtu. Dereva akasema sawa, lakini kwanza sahan. Akapanda lori la rafiki yake mpaka Marsabit.

Mimi nilikuwa likizo kutoka chuoni siku aliyorudi. Ilikuwa baada ya swala ya alasiri. Aliketi kwenye kiti chake, Habaryar akamletea maziwa kwenye kile kikombe chao cha bati chenye mpini uliopinda, yenye harufu ya moshi wa mtungi, akakaa mbele yake kwenye mkeka. Begi lilikuwa mlangoni. Dereva alikunywa, akatua, akakitazama kikombe muda mrefu, akakiweka chini.

"Warran," Habaryar akasema.

Wakizungumza wao kwa wao ni Kisomali, na nilisikia kila neno. Ziwa limejaa, alisema. Limejaa mpaka kwenye miti. Lakini tembo ni wengi, wana watoto, askari wa mbuga hawaruhusu watu kusogea. Si msimu mzuri. Tungoje.

Habaryar aliinuka taratibu akishika magoti, akachukua kikombe, akachukua na begi. Shuka hakuzitoa.

Walingoja miaka minane. Gu ikawa na tope, Hagaa ikawa na moshi wake, na kila nilipokuja nyumbani nilimkuta Dereva akitafuta zile siku chache za katikati. Nilianza kumchoka. Nilimwambia mara moja, kwa ukali kuliko nilivyokusudia, "Adeer, ngojangoja huumiza matumbo." Akanijibu kwamba subira huvuta heri. Nikamwambia Habaryar hawezi tena kusimama kuswali, anaswali ameketi, heri hiyo inavutwa na kamba gani? Akageuka kutazama barabara. Nilidhani nimemshinda na nikafurahi, jambo ambalo leo linanichoma.

Kisha mimi mwenyewe, nikiwa sasa daktari wa mifugo, nikahamishiwa Marsabit. Ilikuwa mwisho wa mvua za Deyr, zile zilizonyesha kama zinalipa kisasi. Wiki ya kwanza tu nikapanda kuliona ziwa. Ukungu ulikuwa umekaa juu yake, nikangoja ukingoni na askari mmoja wa mbuga, mwenyeji wa mlimani, na ulipofunguka nikaona kila kitu kiko kama nilivyofundishwa kwenye kiti cha lori: bakuli la mawe, miti yenye ndevu, maji yametulia, tembo watatu wakishuka mmoja mmoja. Nilijikuta nimevua viatu, sijui kwa nini.

Nikamwambia askari kwamba jirani yangu alifika hapa miaka minane iliyopita akalikuta limejaa hivihivi.

"Miaka minane? Haiwezekani," akasema. "Huo ndio mwaka wa ukame. Hapa hakukuwa na tone. Lilikuwa shamba la nyasi, nyati wamelala katikati." Akafikiri kidogo. "Lakini mzee mmoja Msomali namkumbuka. Tulimpandisha na gari letu. Aliteremka mpaka katikati pale, akang'oa nyasi akaonja, kisha akakaa chini. Tukimwita, haitiki. Ilibidi tumfuate kwa sababu ya nyati."

Niliteremka mlima nikiwa na hasira, halafu hasira ikaisha njiani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya mtu huyu ilikuwa ndefu ajabu, na alikuwa ameitembea peke yake.

Nikaomba ruhusa nikaenda Garissa. Nilimkuta kwenye kiti chake, sponji zimetoka, ndevu zimekuwa nyekundu kwa hina. Habaryar alikuwa kwenye mkeka akipanga mitungi ya maziwa. Nikatoa salamu, nikasema, "Adeer, nimetoka ziwani."

Akainua mkono kunizuia. "Bole bole. Kunywa kwanza."

Habaryar akaleta kile kikombe chenye mpini uliopinda. Nikanywa huku wananitazama. Sikuwahi kujua kabla ya hapo jinsi kikombe kilivyo kirefu watu wakikutazama hivyo. Nilikimaliza, nikampa Habaryar mkononi. Akachungulia ndani.

"Warran," Dereva akasema.

"Maji yapo mpaka kwenye miti," nikasema. "Njia imekauka. Ukungu unafunguka saa nne. Tembo wana nafasi yao na watu wana yao. Na mimi nina nyumba huko, na gari la kazini linarudi kesho."

Mbuzi mmoja aliingia uani akatoka. Kisha Dereva akamgeukia mkewe, akamwambia kwa Kisomali, polepole, kwamba mwaka ule hakuona maji. "Niliona nyasi," alisema. "Nyasi nzuri, mpaka magotini, tamu. Maisha yangu yote nimetafuta nyasi. Siku ile nilizipata, nikalia."

"Najua," Habaryar akasema.

Dereva alimtazama.

"Kikombe ulikiacha nusu," akasema. "Mtu mwenye habari nzuri hukimaliza. Nilikwenda kuosha nikamwaga maziwa yako nyuma ya jiko. Nikasema, huyu hakuweza kuniambia maji hakuna. Basi nikangoja mvua."

Miaka minane alikuwa amemsikiliza akitoa kesi dhidi ya misimu, akijua, na shuka mbili ziko begini. Nilitazama ukuta, maana nilikuwa nimeanza kulia na pale watu wazima hawalii hovyo.

Habaryar akaenda ndani akatoka na begi. Dereva hakuinuka. Alisema yeye hatakwenda. Mgongo, alisema. Habaryar akamwambia mgongo ni mzima, aseme kweli sasa, ameshaanza. Ndipo akasema kwamba sahan aliyedanganya haongozi tena watu. Hiyo ni sheria, si yake yeye.

Nilitaka kubishana naye. Habaryar akaniwahi, akaniambia kwa Kiswahili, ili nijue ni mimi ninayeambiwa, "Mwache. Yeye nangoja. Leo mimi ndiyo sahan."

Sina mengi ya kusema juu ya ziwa. Nilimshika mkono kutoka kwenye gari mpaka ukingoni, hatua kidogo kidogo. Ulikuwa ni ukungu mtupu, na nikaanza kuomba radhi, akaniambia nikae. Tulikaa. Alijifunika shuka zote mbili. Ukungu ulipoondoka aliyatazama tu maji kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala, mpaka jua likawa kali. Kisha akauliza, "Iko hapa hata sisi tukienda?" Nikamwambia ndiyo, yatakuwa hapo. "Haye," akasema, yaani sawa. "Twende. Yule nangoja."

Tulirudi Garissa baada ya alasiri. Watoto wa jirani wakatuambia Dereva amekuwa getini tangu adhuhuri. Alikuwa amevaa kanzu ya Idi. Mkononi alikuwa na kile kikombe, kimejaa, amekifunika kwa sahani ili vumbi lisiingie. Alimpeleka mkewe mpaka kwenye kiti cha lori, akamketisha yeye pale, kisha yeye akakaa chini kwenye mkeka.

Habaryar akapokea kikombe. Alikunywa funda moja akauliza kama mbuzi wamekunywa. Wamekunywa. Funda jingine, akauliza nani aliuza maziwa sokoni. Binti wa shemeji. Alikunywa kwa utaratibu wa mtu asiye na safari nyingine duniani. Dereva aliweka mikono magotini wala hakuuliza kitu.

Kikombe kilipofika nusu, Habaryar akatua. Akakitazama ndani. Nilimwona Dereva akifumba macho.

Habaryar akakiinua tena. Akanywa mpaka mwisho, akakigeuza juu chini ili sote tuone, na tone moja likaanguka kwenye vumbi.

"Haye," Dereva akasema. "Warran."